Vanessa Hajui Kushona

Misiera, karibu na Base Camp,
Nakivale, Wilaya ya Isingiro,
Uganda.
Jumapili, 15 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Emery,

Pokea salamu zetu nyingi, sisi sote wa nyumba hii. Hujambo wewe? Shemeji Jocelyne hajambo? Na watoto, kikohozi kimekwisha, au bado baridi ya Kanada inawasumbua? Uliniambia mwezi wa tano mlikuwa bado mnavaa makoti. Nilimsimulia jirani yangu akasema namtania, tukabishana mpaka chai ikapoa.

Sisi hatujambo, Mungu anatutunza. Mariette wangu alishikwa na malaria wiki mbili zilizopita. Alimeza dawa, akalala siku mbili, siku ya tatu nikamkuta kwenye meza yake ya ndagala akigombana na mteja aliyesema samaki ni wadogo. Hapo nikajua amepona. Mimi ni mgongo tu, ule ugonjwa wetu mafundi cherehani. Macho bado ni mazima, natia uzi mweusi kwenye sindano bila miwani, kwa hiyo silalamiki sana.

Maharage yamekubali msimu huu. Tumekwisha kuyang'oa, sasa yanakauka uani na mimi nimekuwa mlinzi wa kuku wa majirani. Chakula cha msaada kimepunguzwa, hilo ulisikia, kwa hiyo siku hizi watu wanalima hata mbele ya mlango. Ukija leo utapita katikati ya mahindi kabla ya kubisha hodi.

Sasa utajiuliza kwa nini nakuandikia karatasi wakati simu ipo. Kwanza, habari yenyewe ni ndefu. Pili, ina aibu yangu ndani yake, na mimi nikiwa na aibu ulimi unakimbia kuliko mguu, lakini mkono unakwenda polepole. Tatu, simu yetu inasikilizwa na nyumba nzima, na Mariette angenisahihisha kila neno.

Ni habari ya Vanessa na maombi yake ya chuo. Kidogo tu mwanangu angekosa chuo, na wa kulaumiwa angekuwa baba yake.

Unajua kwamba Vanessa anaigiza. Mwaka ule wa Korona, shule zilipofungwa, mwalimu mmoja Mrundi wa hapa Misiera, jina lake Salvator, alikusanya vijana akaunda kundi la maigizo. Walianza na kunawa mikono. Baadaye wakaingia kwenye chanjo, vyoo, wasichana wanaoozwa mapema, na majirani wanaogombania maji. Wanatembea kijiji kwa kijiji na kucheza pale pale watu walipo, bila jukwaa wala pazia: kwenye bomba, kando ya soko, mbele ya foleni ya chakula. Watu wanacheka, halafu wanaulizwa maswali, na nusu yao wanarudi nyumbani wakiwa bado wanabishana. Vanessa aliingia akiwa na miaka kumi na minne. Sasa ana kumi na tisa, amemaliza S6, mwaka wa mwisho wa sekondari, na hajaacha.

Mimi sikupenda tangu siku ya kwanza, wala sikwenda kumtazama hata mara moja. Niliwaambia watu kwamba ni kwa sababu ya kanisa, kwamba binti wa nyumba ya sala hawezi kujifanya mlevi sokoni. Mchungaji mwenyewe akaniambia haoni ubaya. Nikabadilisha, nikasema ni masomo. Vanessa akaleta alama nzuri kuliko mimi nilivyowahi kuota. Nikaishiwa sababu, nikabaki na kununa tu.

Sababu ya kweli sikumwambia mtu, hata Mariette. Ilikuwa ile interview yetu ya safari, ya kuomba kuhamishiwa ng'ambo, tuliyoingoja tangu kabla ya Korona mpaka tukaitwa mwaka 2022.

Nilijiandaa kwa interview ile kama mtu anayekwenda kufanya mtihani wa serikali. Mwezi mzima, baada ya kula, niliwakalisha wote kwenye mkeka: tulitoka Fizi tarehe ngapi, tulifika Uvira na nani, tulilala wapi kabla ya mpaka. Hatukutunga kitu. Yote yalikuwa kweli, na wewe mwenyewe ulikuwa nasi mpaka Uvira. Lakini Mariette anakumbuka kwa misimu ya mvua, mimi nakumbuka kwa tarehe, watoto wanakumbuka kwa njaa, na ofisi inataka jibu moja. Kwa hiyo tulirudia mpaka tukafanana. Vanessa alituzidi wote. Mimi nikikosea mwezi, yeye ndiye aliyenisahihisha.

Siku yenyewe ilipofika, Mariette alipofika kwenye habari za mdogo wake, yule tuliyempoteza njiani, alilia mpaka afisa akasimama akamletea maji. Tangu siku ile faili letu liko mbele ya watu tusiowajua, nasi tunangoja.

Basi fikiria, Emery. Mtu anafungua kompyuta huko aliko. Anaona familia ya Byamungu: mama alilia sana, wote walisema tarehe zilezile. Halafu anaona karatasi nyingine kwamba binti wa nyumba hiyo ni mwigizaji, tena kwa miaka mitano. Atasema nini? Atasema hawa wamefundishana. Atasema hata machozi ya mama yalikuwa mchezo. Hofu hiyo nilikuwa nayo miaka yote, kila nilipomwona Vanessa akitoka na mfuko wake wa nguo za kuchezea.

Mwanzoni mwa mwaka huu tukasikia kwamba masista wa Nyamitanga, kule Mbarara, pamoja na watu wengine wa elimu, wanasaidia vijana wakimbizi kuomba nafasi na ufadhili kwenye vyuo vikuu. Vanessa anataka kusomea afya ya jamii. Alileta fomu nyumbani akiwa ameibana kifuani. Fomu ile haikuuliza alama peke yake. Iliuliza kijana anafanya nini nje ya darasa, tangu lini, saa ngapi kwa wiki, na amejifunza nini. Wenzake waliandika mpira, wengine kwaya. Vanessa aliandika maigizo, akajaza nafasi yote mpaka pembeni kwa herufi ndogondogo.

Aliiacha kwa Joël, mwenye duka la kompyuta hapa Misiera, aichape na kuituma, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa anakwenda Rubondo siku tatu na kundi lao. Ilihitaji sahihi ya mzazi. Joël akaniita. Nikasoma.

Usidhani nilikurupuka. Kwanza nilimwambia Joël anisubiri, nikaenda Base Camp, kwenye ofisi za wakimbizi, kuuliza. Nilipanga foleni tangu asubuhi, na zamu yangu ilipofika nikamwuliza kijana wa mezani, Mganda, kama karatasi za chuo zinaingia kwenye faili la safari. Akacheka.

"Mzee, hiyo ya shule ni ya shule tu. Sisi hapana changanya. Wewe enda nyumbani, kunywa chai."

Sasa mtu wa ofisi akicheka, utajuaje anacheka nini? Nilirudi na hofu kubwa kuliko niliyokwenda nayo, nikamwambia Joël afute maigizo yote. Akaniuliza aweke nini, maana nafasi haiwezi kubaki tupu. Nikatazama huku na huku, nikaona suruali niliyovaa, kazi ya mikono yangu. Nikasema aweke ushonaji: miaka mitano, pamoja na baba yake, sare za shule na nguo za harusi.

"Mzee Byamungu," Joël akaniambia taratibu, "Vanessa anajuaka kushona?"

"Andika," nikamjibu.

Akaandika, kwa sababu ni kijana mwenye adabu na mimi namzidi umri mara mbili. Nikatia sahihi, nikaenda zangu nikiwa mwepesi.

Wewe humjui Vanessa na sindano. Mara ya mwisho nilimpa sketi apinde pindo, akaishona pamoja na gauni alilovaa yeye mwenyewe, ikabidi tumfungue kwa mkasi huku mteja akingoja. Na mimi, kwa kuogopa mwanangu asionekane mwongo, nikamwandikia uongo na kuusaini. Siku ile sikuliona hilo hata kidogo. Niliona karatasi safi.

Mwezi wa nne wakapiga simu. Vanessa amechaguliwa kwenda kuzungumza nao Nyamitanga, aje na mzazi mmoja. Mariette alipiga vigelegele mpaka wateja wake wakamwuliza nani anaolewa. Vanessa alikuwa hajui chochote. Alikuwa amemwuliza Joël kama fomu ilikwenda, Joël akajibu ilikwenda, na hilo lilikuwa kweli.

Tulitoka asubuhi na mapema. Nilivaa koti langu la kijivu, na njia nzima nilikuwa najiambia labda hawatauliza.

Walitupokea kwenye chumba kimoja cha masista, safi, chenye meza ndefu. Kitambaa cha meza kilikuwa kimepindwa kwa mkono, mshono mdogo mdogo uliolingana, nikasema moyoni kwamba hapa wanaishi watu makini. Walikuwa watatu: Sista Concilie, Mrundi wa makamo; mwalimu mmoja wanayemwita Madamu Uwera; na bwana mmoja wa chuo ambaye kazi yake ilikuwa kuandika. Wakatupa chai. Wakauliza habari za njiani. Kisha Sista akafungua karatasi, akatabasamu.

"Vanessa, tumefurahi kusoma kwamba unashona pamoja na baba yako. Hebu tuambie, ni nguo gani inayokupa shida kuliko zote?"

Vanessa akamtazama Sista. Akaitazama ile karatasi, ikiwa kichwa chini kwa upande wake, akaisoma hivyohivyo. Halafu akanitazama mimi.

Emery, mtoto yule anaweza kuwa mtu yeyote. Amekulia chini ya meza yangu ya kushonea, maneno yote anayajua, bobini, kola, pindo, mkunjo wa kiuno. Angeweza kukaa pale akawa fundi aliyebobea na wangemwamini. Na mimi nilimwomba kwa macho afanye hivyo. Ndiyo, mimi, adui wa maigizo, nilimsihi binti yangu aigize.

Akaweka mikono yake magotini, akanyamaza. Hakusema si yeye aliyeandika. Hakunionyesha kidole. Yule bwana akainua kalamu akangoja. Nikaelewa kwamba mwanangu hatawadanganya watu wale, na pia hatanitia aibu mbele yao, na kwamba yuko tayari kukipoteza chuo palepale huku chai yake ikiwa haijaguswa. Moyo uliniuma, nakuambia waziwazi. Sijawahi kujiona mdogo kama dakika ile.

Nikasimama, nikavua kofia.

"Sista, huyu mutoto hajue kushona hata kifungo," nikasema. "Ni miye niliandikisha ile maneno. Yeye anachezaka teatre. Alikuwa aliandika vizuri, miye nikafuta."

Madamu Uwera akaniuliza kwa nini. Nikawaeleza yote, kuanzia interview, machozi ya Mariette, mkeka, tarehe, mpaka kijana wa Base Camp aliyecheka. Nilidhani nao watacheka. Hakuna aliyecheka. Sista akaniambia nikae, nimalize chai yangu.

Yule bwana wa chuo akasema sawa, watarekebisha, lakini anahitaji kujua ni saa ngapi kwa wiki na tangu lini, maana bila hivyo hawezi kujaza. Vanessa akaanza kufikiri. Akasema labda saa nne, labda tano, hajui kwa hakika. Hapo mimi nikajikuta nimekwisha kujibu. Jumanne saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni. Jumamosi saa tatu asubuhi mpaka saa nane. Jumla saa saba. Tangu mwezi wa sita 2020. Alikosa wiki tatu za mtihani wa S4, wiki mbili za malaria, na Jumamosi moja tulipomzika jirani yetu mzee Vénant, na hata siku hiyo aliponyoka mchana akaenda.

"Mzee, umejuaje yote hayo?" Madamu Uwera akaniuliza.

"Ni juu ya kukasirika," nikamwambia. "Kila mara akitoka, miye nakasirika. Siwezi kusahau."

Hapo ndipo walipocheka, na Vanessa naye akacheka akiwa ameinamisha kichwa. Yule bwana aliandika yote, hata mazishi ya mzee Vénant.

Kisha wakamwuliza anacheza nafasi gani. Akasema mara nyingi anacheza wazee, kwa sababu wanaume wa kundi lao wanakwenda kulima vibarua na hawapatikani. Sista akamwomba awaonyeshe kidogo. Vanessa akanitazama tena, safari hii kwa namna nyingine, akasita. Akasimama. Hakubadilisha nguo wala kujipaka kitu.

Akawa mzee mmoja anayekwenda kutazama majina ya safari yaliyobandikwa ubaoni pale Base Camp. Anatembea hatua tatu, anagusa mfuko wa shati kuona kama karatasi zake bado zipo, anatembea tena tatu, anagusa tena. Akifika ubaoni haanzii juu, anaanzia chini, kwa sababu anaogopa kufika mwisho haraka. Watu wakimsalimia anasema alikuwa anapita tu, hakuja kwa ajili ya orodha. Mimi nilicheka mpaka mgongo ukauma. Nilikuwa nasema moyoni, namjua mtu huyu, nimewahi kumwona wapi? Kisha mkono wangu mwenyewe ukaenda kwenye mfuko wa shati.

Sikucheka tena. Yule mzee hakuliona jina lake. Akageuka, akaweka uso wake sawa kabla ya kurudi kwa mke wake, kola akainyoosha, akaondoka kama mtu mwenye haraka ya kazi. Mimi nilidhani uso ule nauweka mahali ambapo hakuna anayeniona.

Sista Concilie alikuwa anajifuta macho. Miaka mitatu nimejieleza kwa watu wa ofisi kwa tarehe na karatasi na mihuri, na hakuna aliyenitazama vile watu wale watatu walivyomtazama Vanessa alipokuwa mimi. Nilitamani wewe ungekuwepo.

Tulirudi mjini kwa miguu, na mpaka tulipofika kwenye daraja la mto Rwizi alikuwa hajanisemesha. Pale darajani nikamwomba msamaha. Wewe unajua baba yetu alivyokuwa, mtoto kuombwa msamaha hakukuwapo kwenye nyumba ile. Lakini nilimwomba, nikiwa nimesimama, watu wakipita. Akaniambia amekasirika na ataendelea kukasirika mpaka Jumatatu. Nikaona ni haki. Nikamwuliza basi kwa nini pale mezani hakuniokoa, wakati kuigiza anaweza.

"Papa, mu teatre kila mutu anajua kama ni muchezo," akaniambia. "Pale ku meza, Sista na benzake habakujua."

Nimeshona miaka thelathini, nimesoma Biblia mara mbili mwanzo mpaka mwisho, na jambo hilo lilikuwa halijanipitia kichwani.

Mariette naye tulimweleza jioni ileile. Nilitegemea kelele. Alisikiliza mpaka mwisho akipepeta maharage, kisha akanijibu bila kuinua macho.

"Machozi yangu nayajua miye. Batu ba ofisi bakitaka kuyakataa, bakatae. Lakini usimufungie mutoto mulango juu ya machozi yangu."

Sikulala vizuri siku mbili.

Adhabu aliyonipa Vanessa ilikuwa kwamba Jumamosi iliyofuata nikae kwenye benchi la mbele, sokoni, watu wote wakiniona. Nikaenda. Alipotoka yule mzee wa orodha, umati mzima ukageuka kunitazama mimi kwanza, ndipo ukamtazama yeye. Kumbe wanamjua zamani! Kumbe miaka miwili yote vijana wa Misiera walikuwa wakinisalimia huku wakigusa mfuko wa shati, nami nikidhani ni heshima ya siku hizi, nikawa nawajibu vilevile! Salvator alinijia baadaye kuomba radhi. Nikamwambia mzee wao ni mzuri ila suruali aliyovaa ni aibu, mimi siwezi kutoka hivyo. Nimekwisha kumshonea nyingine, yenye pindo la kweli.

Jibu la chuo limekuja wiki iliyopita, siku ya Alhamisi. Amepata, kama Mariette alivyokudokeza kwa simu. Chuo kikuu Kampala, afya ya jamii, ufadhili wa miaka yote mitatu, anaanza mwezi wa nane. Wameandika kwamba kilichowavutia ni kazi yake ya kundi la maigizo. Mariette alikaa chini palepale alipokuwa. Vanessa alisoma barua mara nne kwa sauti nne tofauti, ya mwisho ikiwa yangu. Mimi nimeanza kumshonea sketi mbili na koti, na nimemkataza asiguse mashine.

Faili letu la safari bado halina habari. Halijasogea mbele, halijarudi nyuma.

Sasa nimefika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Mwezi wa tatu uliponipigia simu ukauliza Vanessa anafanya nini zaidi ya masomo, nilikuambia anashona, tena ananishinda mimi. Nilikudanganya, Emery. Nilikuwa nimekwisha kusaini ile fomu, na nilitaka maneno ya ndugu yafanane na ya karatasi, mazoea yaleyale ya mkekani. Juzi ukamwambia Mariette kwamba akina mama wa kanisa lenu huko wanatafuta cherehani ya umeme wamtumie Vanessa kama zawadi ya chuo. Mariette akanitazama. Nikatoka nje kwenda kugeuza maharage, na nikayageuza muda mrefu.

Tafadhali waambie waache. Usiseme ulisikia vibaya, na usinifunike kwa sababu mimi ni kaka yako. Simama mbele yao useme binti hajui kushona, baba yake alisema hivyo kwa hofu. Useme Vanessa ni mwigizaji. Litamke neno lenyewe, usilizungukezunguke kama nilivyofanya mimi. Na wakiuliza anaigiza nini, waambie anawaigiza watu kama sisi, na anawajua vizuri.

Nisalimie sana shemeji Jocelyne, na mtoto wenu Ulrich ambaye nasikia sasa anaota ndevu. Mariette anakusalimu na anasema ile picha mliyotuma imekaa ukutani, ila mbona umekonda. Mchungaji anakusalimu. Joël anakusalimu pia, ingawa hamjuani; ameniomba niandike hivyo kwa kuwa naye yumo kwenye habari hii. Mungu wa baba yetu awalinde mnapotoka na mnaporudi, awape kazi isiyowavunja migongo, na atukutanishe tukiwa bado tunatambuana sura.

Barua hii anakuletea mama Libérate wa hapa Misiera, ambaye zamu yake ya kusafiri imefika na anakuja mji wenu. Ameniambia kwamba kwenye uwanja wa ndege mizigo inaweza kufunguliwa na karatasi zikasomwa. Sasa hivi nilikaa nikafikiri niandike upya, nitoe mambo ya interview na mkeka na maigizo, nibakize maharage na malaria. Nilishika hata karatasi nyingine. Nimeirudisha. Wakiifungua, na waisome yote.

Mimi kaka yako nikupendaye bila kuchoka,

Byamungu,
fundi cherehani wa Misiera,
baba yake Vanessa mwigizaji.